Kazi ya Ngalula

Siku Tata Kazadi alipozilegeza nyuzi za kontrebas tulikuwa watu watano katika sebule yake. Tata Kazadi Simoni mwenyewe, mwenye nyumba, mtu wa Kasai, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine katika karakana ya mgodi. Mama Tshala, mke wake. Feliki, mdogo wake Mama Tshala wa tumbo moja, aliyekaa chumba cha uani na kupiga gitaa. Tata Muteba Yohana, Mlunda wa Sandoa, mpiga kontrebas wa misa yetu, jirani wa mlango wa tatu. Na mimi Ngalula, niliyekuwa nikilala jikoni kwa Mama Tshala, kwa sababu ambazo haziingii katika habari hii. Mtu wa sita, Tata Chipoya Barnaba, mwalimu wa kwaya, hakuwapo siku hiyo, lakini hukumu ilikuwa yake na sote tulikuwa tunamngojea yeye. Kati ya hao nimebaki mimi. Wa mwisho kuondoka ni Feliki, tumemzika Kasaji baridi iliyopita, na kwenye matanga binti yake Odia alisema neno moja, huku akicheka, lililonifanya nimtume mjukuu wangu sokoni akaniletee daftari. Neno lenyewe nitaliweka mahali pake.

Kwa wale ambao hawajaiona, kontrebas ni kama gitaa lililokua mpaka likampita mtu kichwa. Inasimama wima, mpigaji anaikumbatia kwa nyuma na kuvuta nyuzi nne nene kwa vidole. Nyuzi hizo zinapita juu ya shevale, kipande cha mbao chenye miguu miwili kinachosimama juu ya kifua cha kontrebas bila gundi wala msumari. Kinashikiliwa na nguvu ya nyuzi tu. Yetu iliachwa kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa Kolwezi, na mwalimu mmoja Mzungu aliyerudi kwao, na Tata Muteba aliilinda miaka mingi katika kona ya chumba chake, imefunikwa blanketi, karibu na kitanda kuliko alivyokuwa mkewe, ndivyo mkewe alivyosema. Shida yake ilikuwa mvua. Mbao inakunywa mvua kama mtu. Kuanzia Novemba kifua cha kontrebas kilivimba, shevale ikapanda, na nyuzi zikasimama mbali na shingo hata kuzibonyeza kukawa kama kubonyeza waya wa kuanikia nguo. Ikifika baridi, mbao ilikauka, nyuzi zikashuka na kulala juu ya shingo zikinguruma kama nzi ndani ya chupa. Kila mwaka Tata Muteba alikwangua shevale kwa kisu mvua zikija, na kila mwaka alitia vipande vya karatoni chini ya miguu yake baridi ikija, mpaka ile shevale ikawa imekwanguliwa na kuinuliwa mara nyingi kiasi kwamba ilifanana na mguu wa meza ya baa.

Mwaka ninaousema, vidole vyake vilianza kujikunja. Aliamka asubuhi na mkono wa kushoto ukakataa kufunguka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula Mama Tshala aliponituma, nikimkuta amekaa mbele ya kontrebas kama mtu aliyenyimwa ruhusa, na siku moja akaniambia, bila kunitazama, “Lete ile mikono yako ya kutwanga.” Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikuomba, na sitasema kwamba niliitwa na Mungu, ingawa Tata Chipoya baadaye alipenda kusema hivyo mbele ya wageni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mikono yenye nguvu, na nilipouvuta uzi mnene kwa mara ya kwanza, sauti iliingia mgongoni na kushuka hadi kwenye visigino. Nikataka kuuvuta tena. Hilo tu.

Feliki naye aliitaka. Alikuwa na sikio zuri kuliko mimi, niliandike hilo mapema. Wimbo alioupitisha mara moja kichwani ulikaa. Jumapili aliitaka kwa misa na Jumamosi aliitaka kwa okestra ya baa karibu na stesheni, ambako gitaa lake lilikuwa limeshapata jina. Tata Chipoya, aliyeogopa baa kuliko alivyoogopa homa, alikata maneno hivi: siku ya Pasaka, nusu ya misa atapiga Ngalula, nusu atapiga Feliki, na atakayemaliza sehemu yake bila kusimama na bila kelele mbaya, kontrebas itakaa kwake. Atakayeshindwa ataiacha moja kwa moja. Pasaka, sote tulijua, inaanguka mwisho wa mvua, nyuzi zikiwa juu kabisa. Feliki alikuwa na vidole vya gitaa, vigumu kama kwato. Mimi vyangu vilikuwa vinapasuka kabla ya wimbo wa matoleo. Nilivichovya katika maji ya chumvi nyuma ya nyumba, na huko ndiko nilikomsikia Feliki akimwambia dada yake dirishani, akimwita yaya kama tunavyomwita kila mkubwa wetu, awe kaka au dada, “Yaya, mwanamuke atafungua miguu namna gani mbele ya Padri, ashike kitu kubwa namna ile?” Mama Tshala alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akamjibu polepole, “Na ile bukari Padri eko anakula, banatwanga unga yake miguu imefungwa?” Feliki akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata akipigwa, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia.

Wazo la magurudumu lilitoka kwa Tata Muteba. Alisema kwamba zamani, Lubumbashi, katika okestra ya hoteli moja, aliona shevale iliyokatwa miguu yake yote miwili, na katikati ya kila mguu wamepachika kigurudumu cha chuma chenye meno kama ya skrubu. Ukizungusha huku, shevale inapanda. Ukizungusha kule, inashuka. Mvua ikija unashusha, baridi ikija unapandisha, kisu unakiacha jikoni. Tata Kazadi alimsikiliza huku akila, na nilimwona akiacha kutafuna. Alikuwa mtu aliyekaa miaka ishirini akichonga vipuri vya pampu na mashine ambazo hakuziona zikifanya kazi, chini huko kwenye giza la mgodi. Sasa palikuwa na kitu kidogo ambacho angekichonga na kukisikia kila Jumapili. “Vié Muteba,” akasema, maana yake mzee, “hiyo mi nafanya kwa siku moja.”

Ilibaki kuchagua magurudumu yawe ya kitu gani. Jioni iliyofuata Tata Kazadi alikuja na kitambaa cha karakana, akakifungua mezani kati ya sufuria ya sombe na sahani ya makayabo, samaki wa chumvi, na ndani kulikuwa na vipande vitatu: kipande cha shaba nyekundu, ile tunayoiita mukuba, kipande cha aluminiumu, na kipande cha mti wa mubanga mgumu kama jiwe. Chumba kile nakikumbuka chote. Ukuta wa kijani hadi kiunoni na mweupe juu, kalenda ya mwaka uliopita, kiti kimoja chenye mto ambacho hakuna aliyekikalia ila Tata Kazadi. Mukuba ulimeremeta chini ya taa hata samaki akaonekana wa huzuni. “Batu ba Kolwezi banatoa mukuba kwenye udongo, inaenda mpaka Ulaya,” akasema Tata Kazadi, “halafu sisi benyewe tutie muti ndani ya shevale? Batatucheka.” Tata Muteba hakubishana. Aliniambia niangushe kila kipande sakafuni, kimoja kimoja, kisha nikiweke kiganjani. Niliangusha. Mubanga ulisema *ko*, aluminiumu ikasema kwa sauti nyembamba iliyoendelea kidogo, na mukuba ulianguka ukanyamaza. Kiganjani ulikuwa mzito kama yai la bata lililochemshwa. “Mwenye bidole ni wewe,” Tata Muteba akaniambia. “Chagua.” Nilisikia nilichokisikia. Lakini nilimtazama Tata Kazadi, uso wake umekaa kama wa mtoto mbele ya picha yake, na nilikuwa nakula chakula chake. Nikasema mukuba. Tata Muteba akanawa mikono na kusema usiku mwema.

Sasa ile siku ya watu watano. Tata Kazadi alikuja na magurudumu mawili, mazuri, nitasema tena mazuri, kila moja na vitobo vinne ubavuni vya kuingizia msumari wa kuzungushia. Ili miguu ya shevale itobolewe sawasawa, alitengeneza kibao cha kuibana, kwa sababu tobo likienda mshazari gurudumu litasimama kama jino bovu. Yote hayo aliyafikiria. Alichokosea ni kitu cha mtu wa karakana: alizilegeza nyuzi zote nne kwa mara moja, kama mtu anavyofungua bolti zote za mfuniko wa pampu. Tata Muteba alikuwa uani ananawa uso. Ndani ya kontrebas kukasikika *tok*, kisha kitu kikabingirika. Tata Muteba akaingia na maji yakimtiririka kidevuni na kuuliza, “Nani alilegeza zote?” Akakaa kwenye kile kiti chenye mto, kiti cha mwenye nyumba, na hakuna aliyemzuia. Ndani ya kontrebas kuna kijiti kinachosimama kati ya kifua na mgongo wake, hakikugundishwa, kinabanwa tu kama shevale inavyobanwa, na ndicho kinachopeleka sauti. Wafaransa wanakiita roho, na sisi tulikiita roho. Nyuzi zinalegezwa mbili mbili ili roho isianguke. Ikianguka, na mtu akazikaza nyuzi bila kujua, kifua kinaweza kubonyea na kupasuka, na hapo hakuna cha kufanya. “Mumeua muzee wa batu,” akasema Feliki, na hata yeye hakucheka sana.

Kuisimamisha ile roho kulichukua siku tatu. Mkono wa Tata Muteba haukuweza, kwa hiyo ulifanya wangu, kwa waya mnene uliokunjwa na kuchongwa ncha, kupitia ule mpasuko mrefu uliochongwa kifuani mwa kontrebas kando ya shevale, huku Mama Tshala akishika kioo na tochi. Tata Muteba alikaa nyuma yangu akiniongoza kwa maneno tu: nyuma kidogo ya mguu wa shevale, upande wa uzi mwembamba, wima, isibane sana, isilegee. Niliiangusha mara nyingi. Mama Tshala hakuwahi kushusha tochi, ila mara moja alisema, “Mutoto wa mutu akizaliwa inachukua saa chache kuliko hii.” Siku ya tatu ilisimama. Ninaandika haya kwa kirefu kwa sababu kutokana na siku hizo tatu nilijua jambo ambalo Feliki hakulijua, wala Tata Chipoya: nilijua ndani ya kontrebas mna nini, na ni kidogo kiasi gani kinachotosha kuiharibu.

Nyuzi zikakazwa, magurudumu ya mukuba yakiwa mahali pake, na nikashusha mpaka vidole vyangu vikafurahi. Niliweza kupiga misa nzima bila damu. Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na tonge la bukari mdomoni. Jumamosi ya kuamkia Matawi, katika mazoezi ya saa nne asubuhi, Tata Chipoya alitembea hadi mlango wa nyuma wa kanisa, akasimama hapo mikono kiunoni, na kuniuliza mbele ya sauti ya kwanza yote, Meta, Bernadeta, Kapinga na mama Adolfina, “Ngalula, uko unacheza ao uko unapanguza vumbi?” Uzito wa mukuba ulikuwa umeibana shevale isitikisike. Na haukuwa mzito tu, ulikuwa laini. Jumatatu nilipojaribu kupandisha kidogo ili kupata sauti, nyuzi zikiwa zimekazwa, meno ya gurudumu la kushoto yalichunika kama ganda la karanga na shevale ikainama upande. Zilibaki siku sita.

Palikuwa na njia moja, na ilipita kwa Tata Kazadi. Kwetu msichana hamwambii mwenye nyumba kwamba kazi ya mikono yake ni mbaya. Nilimweleza Mama Tshala jikoni. Alifikiri, kisha akamshika kuku wa kahawia aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya Pasaka na kumchinja siku hiyo hiyo. Firigisi ya kuku kwa watu wa Kasai ni ya baba wa nyumba, hakuna mwingine anayeigusa, na mwanamke anayeisahau anaweza kurudishwa kwao. “Utamupelekea wewe,” akaniambia. “Firigisi inatafunwa mingi. Mutu hawezi kugomba na mudomo iko na kazi.” Nilipiga magoti, nikaweka sahani, na kando ya firigisi nikaweka gurudumu lililochunika. Tata Kazadi alitia firigisi mdomoni. Akalichukua gurudumu, akalizungusha mbele ya macho, akapitisha ukucha juu ya meno yaliyolala. Alitafuna muda mrefu. Feliki, aliyekuwa anakula upande wa pili wa meza, alikuwa ameelewa kila kitu na alikuwa anangoja, kwa sababu kama gurudumu lingebaki vile, kontrebas ilikuwa yake.

“Mukuba ni ya kupitisha kura,” Tata Kazadi akasema mwishowe, maana yake umeme. “Haina ya kusimamisha kitu.” Kisha akaniuliza, “Ulijua tangu ile siku ya kuangusha?”

“Nilijua, tata.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Ulikuwa na furaha.”

“Furaha yangu haiimbi misa,” akasema, na akamwambia Feliki amsogezee chumvi. Siku ya pili alileta magurudumu ya aluminiumu ndani ya kitambaa kile kile, meno yake makali, mepesi kama vifungo vya shati. Alizilegeza nyuzi mbili mbili. Feliki mwenyewe aliishika shevale isianguke, bila kuombwa, dhidi ya faida yake. Hilo nalo niliandike. Nilipovuta uzi mnene, Tata Muteba, aliyekuwa nyumbani kwake mlango wa tatu, aligonga ukuta kwa fimbo kuonyesha kwamba amesikia.

Pasaka nilipiga nusu yangu mpaka mwisho, tangu wimbo wa kuingia hadi baada ya mahubiri. Sikupiga vizuri sana, nilipiga bila kukosea. Kisha Feliki akaja, tukabadilishana mahali wakati Padri anapokea matoleo, na akaninong'oneza, “Ngalula, nyuzi iko chini, mi navuta nguvu, zitagonga shingo. Nipandishie mizunguko mbili.” Ilikuwa haki yake. Hata magurudumu yalitengenezwa kwa ajili ya jambo hilo, kwamba kila mkono upate kimo chake. Nikachuchumaa na msumari wangu. Upande wa uzi mwembamba nilizungusha mara mbili. Upande wa uzi mnene, palipo kazi yote ya kontrebas, nilizungusha nusu. Mkono haukuteleza. Nilikuwa nimeisimamisha roho kwa waya siku tatu, nilijua nusu ni nini. Nikasimama na kumwambia, “Tayari, yaya.”

Alipoivuta, uzi mnene uligonga shingo na kunguruma kanisa zima, wale nzi wa kwenye chupa. Alijaribu kuvuta polepole, akashindwa kusikika. Aliendelea hadi wimbo wa Mwanakondoo na hapo Tata Chipoya akamwonyesha mkono wa kusimama, na kwaya ikamaliza peke yake. Feliki aliilaza kontrebas ubavu kwa adabu, akatoka kwa mlango wa pembeni. Chakula cha Pasaka tulikula bila kuku, kwa kuwa kuku alikuwa ameshaliwa, na Tata Kazadi alizungumza habari za aluminiumu mpaka Mama Tshala akamwomba anywe munkoyo na kunyamaza. Tata Muteba alikuja kuiona shevale alasiri. Aliinama, akaweka kidole chake kilichopinda kwenye gurudumu moja, kisha kwenye la pili. Wiki ile akaacha kunifundisha, akisema sasa najua vya kutosha.

Kontrebas ilikaa kwangu miaka kumi na minane. Feliki alipanda treni kwenda Kasaji mwezi wa saba mwaka ule ule, akapata kazi kwenye reli, akaoa, akazaa. Tulionana kwenye harusi na vilio, na aliniita Mama Kontrebas, akacheka kama alivyokuwa akicheka. Sikuwahi kumwuliza kama bado anapiga. Nilidhani, kwa kuwa kudhani kunarahisisha mambo, kwamba gitaa liko nyumbani kwake.

Kwenye matanga, siku ya tatu, tuliketi uani kwake na meza waliyotuwekea chakula ilikuwa inayumba. Odia alipinda kipande cha karatoni na kukitia chini ya mguu wa meza. Akacheka, akawaambia dada zake, “Hii njo kazi ya Ngalula.” Wote wakacheka. Hakujua kwamba mimi ndiye Ngalula, kwa watoto wale mimi ni Mama Vero wa Kolwezi. Nikamwuliza neno hilo limetoka wapi. Akasema baba yao alilisema maisha yake yote: mlango ukikaa upande, picha ikining'inia vibaya, kitanda kikiyumba, alisema hii ndiyo kazi ya Ngalula, na hawakujua Ngalula ni nani, wakadhani ni seremala wa zamani. Nikamwuliza kama baba alikuwa na gitaa. Akasema, “Gitaa? Baba? Hatukuwahi kuona.”

Nilikula chakula changu. Ndivyo ilivyokuwa, kama ninavyoikumbuka: mbili upande mmoja, nusu upande wa pili. Nimeyataja majina yote, ya waliokuwa sebuleni na ya waliokuwa kanisani. Kama kati ya watoto wa Meta, wa Bernadeta, wa Kapinga au wa mama Adolfina yuko aliyemsikia mama yake akisimulia Pasaka ile kwa namna nyingine, kwamba niliizungusha sawasawa na uzi ulinguruma kwa sababu ya mvua, aje Kolwezi anisahihishe. Nitamsikiliza mpaka mwisho. Sidhani kwamba yuko.